Je, Shirley Collins anasifiwa kwa huruma? Jibu kwa mwanakwaya wa Moshi

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu anayeishi Brighton alipokuja likizo aliniletea sidii ya mama mmoja wa Kiingereza, Shirley Collins, inaitwa Lodestar. Anasema huko inasifiwa sana. Nimeisikiliza mara mbili na nimebaki na mshangao. Sauti iko chini kama ya mwanamume, imekauka, haipandi. Nikatafuta nyimbo zake za zamani, nikakuta sauti nyororo ajabu. Hivi wanasifia nini hapa, au wanamhurumia tu kwa kuwa ni mzee? Nauliza kwa sababu jambo hili linanigusa. Nina miaka 58, nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wetu kwa miaka 27. Mwaka juzi nilihamia sauti ya pili, na sasa hata hiyo inanitoa jasho. Wenzangu wananishauri nipumzike. Je, mtu kama mimi nimebakiwa na cha kuimba?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nilipomaliza kusoma swali lako niliiweka sidii yenyewe nikaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuandika neno, maana swali lako la pili ni zito na sikutaka kulijibu kwa maneno ya kukufariji tu.

Nianze na la kwanza. Hapana, hawamhurumii. Mzee akiimba vibaya, watu humpigia makofi ya adabu ukumbini, kisha wakifika nyumbani hawamkumbuki tena. Lodestar ilitoka Novemba 2016, Shirley akiwa na miaka 81, na mpaka leo naisikiliza na bado inanishika. Na masikio yako hayajakudanganya. Sauti iko chini, imekauka, haipandi. Yote uliyoyasikia yamo. Kinachobaki kuelezwa ni namna sauti ya aina hiyo ilivyobeba albamu nzima bila kuanguka, na hilo lina sababu zake ambazo mtu wa kwaya kama wewe ataziona mara moja zikitajwa.

Kwanza ujue kwamba kati ya ile sauti nyororo uliyoikuta na hii ya sasa kuna shimo la miaka 38. Shirley alizaliwa Hastings, katika jimbo la Sussex kusini mwa Uingereza, tarehe 5 Julai 1935. Alikulia kwenye nyumba ambamo nyimbo za mapokeo ziliimbwa na wazee wake, na yeye na dadaye Dolly walizishika hizo tangu utotoni. Mwaka 1959, akiwa bado msichana, alipanda meli kwenda Marekani kufanya kazi na Alan Lomax, yule mkusanyaji wa nyimbo. Walizunguka majimbo ya kusini na mashine ya kurekodia, wakiingia kwenye nyumba za wakulima, makanisani, hata magerezani. Huko Como, Mississippi, walimrekodi mkulima mmoja ambaye hakuwahi kurekodiwa na mtu, Fred McDowell, na dunia ya bluzi ikampata hapo. Nataka uukumbuke ukurasa huu wa maisha yake, kwa sababu utarudi.

Miaka ya sitini na sabini yeye na Dolly walitoa albamu kadhaa, Shirley akiimba na Dolly akipiga kinanda kidogo cha mabomba. Ya mwisho kuimba kabla ya kimya ilitoka mwaka 1978. Mwaka huohuo alikuwa akiimba katika mchezo wa Lark Rise kwenye jumba la National Theatre, London, pamoja na bendi ya mumewe, Ashley Hutchings. Katika kipindi hicho ndoa ikavunjika. Mume alipenda mwanamke mwingine, naye Shirley ilimbidi apande jukwaani usiku baada ya usiku huku moyo umepasuka. Amesimulia mwenyewe kwamba kuna usiku sauti ilitoka na kuna usiku alifungua mdomo pasitoke kitu. Madaktari wakaiita hali hiyo disfonia. Polepole akaacha kuimba kabisa. Akalea watoto wake wawili, akafanya kazi kwenye duka la hisani la Oxfam na kwenye ofisi ya kutafutia watu kazi. Dolly akafariki mwaka 1995.

Wewe unajua koo linavyofunga mtu akiwa na msiba. Umewahi kuimba kwenye mazishi ya ndugu yako wa damu? Pumzi ipo, maneno unayajua, lakini zoloto, lile sanduku la sauti kooni, linapanda juu kama unataka kumeza jiwe. Misuli iliyozunguka nyuzi za sauti inakaza na kuzibana, nazo haziwezi kutetemeka kwa uhuru. Kwa wengi wetu hali hiyo huisha baada ya arobaini. Kwa baadhi ya watu mwili hukariri ule mkazo, ukawa mazoea, na kila wakisogea mbele ya maikrofoni unarudi wenyewe. Nimewafundisha watu wawili wa namna hiyo katika maisha yangu, na nakuambia kwamba kumwambia mtu kama huyo "jikaze" ni kumtia kitanzi.

Aliyemrudisha Shirley ni David Tibet wa kundi la Current 93, ambaye kwa miaka mingi aliendelea kumwomba aimbe, akikataliwa, akiomba tena. Februari 2014, katika kanisa la Union Chapel jijini London, Shirley alisimama mbele ya watu akaimba nyimbo mbili. Mbili tu. Kutoka hapo ndipo safari ya Lodestar ilipoanza.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe, kwa sababu hili linakuhusu moja kwa moja.

Mwanamke akifikia kukoma hedhi, homoni zinapungua na ile ngozi laini ya nyuzi za sauti hubadilika, hunenepa kidogo. Uzi mnene hutetemeka polepole kuliko uzi mwembamba, kama ulivyo kwenye gitaa, kwa hiyo sauti inashuka. Kwa wanaume mara nyingi huwa kinyume: nyuzi zao hukonda uzeeni na sauti ya babu ikapanda kidogo. Ndiyo maana bibi na babu waliokaa pamoja muda mrefu huanza kufanana hata kwa sauti za simu. Juu ya hilo, gegedu za zoloto huanza kugeuka mfupa, mbavu hazipanuki kama zamani, mapafu yanapoteza mnyumbuko, na ute unaolainisha nyuzi unapungua. Fikiria noti ya A ya juu ya sauti ya kwanza: nyuzi zako zinagongana mara 880 kwa sekunde moja. Kazi hiyo inataka uzi mwembamba, laini, wenye unyevu, na pumzi isiyoyumba. Kila kimoja kati ya hivyo vinne umri unakigusa.

Kwa hiyo mtu aliyeimba sauti ya kwanza, akijenga uimbaji wake wote juu ya noti za juu, akizeeka anapoteza paa la nyumba aliyoishi humo. Nasema hivi kwa upendo: nadhani ndiko ulikojenga wewe, kwa sababu ndivyo kwaya zetu zinavyotufundisha. Sauti ya kwanza hupewa sifa inapopasua paa. Mwalimu anasema "wamama, pandisheni," na wamama wanapandisha.

Shirley hakujenga huko hata alipokuwa kijana. Rudi kwenye zile nyimbo za zamani ulizozikuta, uzisikilize upya kwa sikio hili. Sauti ni nzuri, kweli, lakini angalia asichokifanya. Hatetemeshi sauti. Haongezi nguvu kwenye ubeti wa mwisho ili watu walie. Hapunguzi kasi panapouma. Mtu anauawa kwenye wimbo, naye anaimba kwa kiwango kilekile alichoanzia, kama mama anayesimulia jambo lililotokea kijiji cha jirani. Amekuwa akisema kwa miaka yote kwamba kazi ya mwimbaji wa nyimbo za mapokeo ni kupitisha wimbo, na kwamba akiimba huhisi vizazi vilivyopita vimesimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nikidhani hayo ni maneno ya heshima tu ya wasanii. Lodestar ilinionyesha kwamba kwake ni ufundi kabisa. Umri umemwondolea rangi ya sauti na noti za juu. Mstari wake ulionyooka, matamko yake, mahali anapovuta pumzi, uvumilivu wake na hadithi, vyote vimebaki, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiimbia tangu mwanzo.

Nataka ufanye jaribio moja. Tafuta wimbo unaoitwa Death and the Lady. Aliurekodi na Dolly kwenye albamu yao ya mwaka 1970, akiwa katikati ya miaka ya thelathini, kisha akaurudia kwenye Lodestar. Hadithi ni fupi. Msichana anatembea asubuhi ya mwezi Mei, anakutana na mzee mwenye upara, ndevu za mvi, amevaa nguo za udongo. Anamuuliza wewe nani. Mzee anajibu kwamba jina lake ni Kifo, na kwamba mabwana wakubwa na mabibi humsujudia. Msichana anaahidi dhahabu, mavazi ya thamani, lolote, aachiwe aishi kidogo. Mzee anakataa.

Sikiliza ule wa 1970 kwanza. Sauti inayoimba ni ya yule msichana. Iko juu, safi, na unamhofia yeye, kwa sababu sauti yenyewe ni ile mali inayokwenda kuchukuliwa. Kisha weka wa 2016. Maneno ni yaleyale kwa sehemu kubwa, lakini sasa anayeimba ana umri wa kukaa benchi moja na yule mzee mwenye mvi. Anapofika pale msichana anapoahidi dhahabu, hakuna kitetemeshi cha kusihi hata kidogo. Anaitaja dhahabu kama mtu anayejua tayari jibu litakuwa nini. Na Kifo anapojitaja jina, sauti iko palepale, haigeuki kuwa ya kutisha. Mara ya kwanza niliposikia niliamka kitini. Wimbo huo umebadilika kabisa, na hakuna prodyuza wala chombo kilichoubadilisha. Umebadilishwa na miaka 46 iliyopita ndani ya koo moja.

Sauti ya mwaka 1970 isingeweza kuimba hivyo hata ingetaka. Hapo ndipo jibu la "wanasifia nini" lilipo, kwa maoni yangu.

Lakini sauti peke yake isingetosha kama isingewekwa mahali pake, na hapa nawapongeza waliomzunguka. Hawakumpeleka studio. Stephen Thrower na Ossian Brown walileta vyombo vyao vya kurekodia nyumbani kwake, kwenye nyumba yake ndogo katika mji wa Lewes, Sussex, na albamu ikarekodiwa humo. Shirley mwenyewe ameeleza kwamba asingeweza kuimba tena kwa mara ya kwanza mbele ya watu wasiomjua, nyuma ya kioo. Waliorekodi walielewa. Ian Kearey, aliyeongoza muziki, akapanga vyombo ili vikae chini ya sauti na pembeni yake, visishindane nayo. Kuna kinanda fulani cha kale cha Ulaya unachokisikia mwanzoni mwanzoni, chenye gurudumu linalosugua nyuzi na kutoa mvumo usiokatika, kama nzi mkubwa aliyenaswa dirishani. Mvumo ule ni kama sakafu. Mwimbaji mwenye pumzi fupi akinyamaza ili avute hewa, wimbo hauporomoki, kwa sababu sakafu bado ipo.

Na maikrofoni iko karibu. Wewe umezoea kuimba mbele ya madhabahu, maikrofoni ziko mbali au hazipo, na sauti lazima ifike benchi la mwisho. Maikrofoni ikiwa karibu na mdomo, sauti ndogo hujaa chumba. Unasikia midomo inavyofunguka, unasikia hewa. Mwimbaji hana haja ya kusukuma, na asiposukuma lile koo lililokariri mkazo halina sababu ya kukaza. Hapo nyumbani, kwenye kiti chake, akiimba kwa kiwango cha mazungumzo, mzee wa miaka themanini hivi aliweza kufanya kitu ambacho jukwaa lilimnyang'anya akiwa na miaka 43.

Sikiliza wimbo wa tatu, Cruel Lincoln. Fundi mwashi amejenga nyumba ya bwana mkubwa, bwana hakumlipa, na fundi anarudi usiku kulipiza kisasi kwa kumuua mtoto mchanga akisaidiwa na yaya. Ni wimbo wa kutisha kuliko yote humo. Nyuma yake, kwa mbali, ndege wanaimba. Ndege wa kweli, asubuhi ya kawaida ya Sussex. Studio yoyote ingewafuta. Hawa waliwaacha, na unyama unaosimuliwa unazidi kuogofya kwa sababu nje ya dirisha dunia inaendelea na shughuli zake.

Nyimbo zenyewe zilichaguliwa na mtu anayejua zinatoka wapi. Ule wa kwanza, Awake Awake, ni onyo lililoandikwa baada ya tetemeko la ardhi lililotikisa London tarehe 6 Aprili 1580, na mwaka 1909 mtunzi Ralph Vaughan Williams aliukuta bado unaimbwa Herefordshire. Hebu fikiria, zaidi ya miaka 300 ukipita mdomo kwa mdomo. Pretty Polly aliupata kwa mama mmoja mwimbaji wa Arkansas, Ollie Gilbert, katika ile safari ya 1959 niliyokuambia uikumbuke. Mwaka 1959 yeye alikuwa msichana mwenye mashine, akiketi mbele ya mabibi waliokauka sauti, kwenye nyumba za mbao, akiwarekodi kwa heshima zote. Mwaka 2016 amekuwa bibi mwenyewe, na vijana wameleta mashine nyumbani kwake. Alijua tangu ujana wake kwamba sauti kavu inaweza kubeba wimbo, kwa sababu sauti za namna hiyo ndizo zilizompa nyimbo.

Albamu inafungwa na The Silver Swan, wimbo uliochapishwa na Orlando Gibbons mwaka 1612. Unamsimulia bata maji mweupe ambaye maisha yake yote hakuwa na sauti, mpaka kifo kilipokaribia ndipo koo lake lililokuwa kimya likafunguka. Shirley Collins, kati ya watu wote, ndiye anayeuimba huo. Hakuna maelezo zaidi yanayohitajika, na yeye hatoi.

Ila yeye hakufa, namshukuru Mungu. Alitoa albamu nyingine mwaka 2020, Heart's Ease, na nyingine mwaka 2023, Archangel Hill, akikaribia miaka 88. Kwenye Heart's Ease utasikia sauti imelegea, imepata joto. Ukitaka kujua kama mazoezi yanasaidia sauti ya kizee, ziweke hizo mbili mfululizo.

Usidhani haya ni ya Waingereza tu. Sisi tulikuwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuimba hadi uzeeni kabisa, na hakuna aliyemwambia apumzike kwa kuwa sauti imekwaruza. Kukwaruza kwake kulikuwa ndiyo hati yake. Tofauti ni kwamba sauti ya Bi Kidude ilichakazwa na kazi, miaka na miaka ya kuimba na kupiga ngoma za unyago, wakati ya Shirley ilitoka kwenye kimya kirefu. Lakini kote kuwili hakuna aliyeigiza usichana. Nikipewa nafasi ya kusema kitu kimoja tu kwa viongozi wa kwaya zetu, ningewaambia wamsikilize Bi Kidude tena, kisha watazame namna wanavyowastaafisha mama zetu wakifika miaka 55.

Kuna njia nyingine pia, ya Tom Jones wa Wales. Huyu hakupoteza sauti. Aliitunza kama mtu anavyotunza gari zuri, na mwaka 2021, akiwa na miaka 80, albamu yake Surrounded by Time ilishika namba moja Uingereza. Humo kuna wimbo uitwao I'm Growing Old, aliopewa na mtunzi wake Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliuweka kando kwa sababu aliona bado ni kijana mno kuuimba, akaungoja umri wake. Alisubiri karibu miaka 50.

Sasa wewe.

Kabla ya yote, nenda ukaangaliwe. Sauti ikiwa na mkwaruzo zaidi ya wiki tatu bila mafua, daktari wa masikio, pua na koo anatakiwa kuzitazama nyuzi kwa macho, na hapo kwenu, kwenye hospitali ya KCMC, wapo. Kushuka kwa umri huja polepole kwa miaka. Wewe umetoka sauti ya kwanza ukashindwa ya pili ndani ya miaka miwili, na hilo sitaki kulikisia kwa maandishi. Wakikuta nyuzi ni nzima, endelea kusoma.

Acha kuipima sauti yako kwa noti ya juu kabisa unayoweza kuifikia. Pima kwa noti unayojibia simu. Sema "naam" bila kufikiri, kama mtu amekuita toka jikoni, kisha ishike hiyo noti kwa mvumo wa mdomo uliofungwa. Hapo ndipo katikati ya sauti yako ya sasa. Chukua tenzi unayoijua kwa moyo. Kama mwalimu wenu hutoa do kwenye F, wewe shusha hadi C, na kama bado shingo inakaza shusha tena. Wimbo utasikika mgeni siku ya kwanza. Utasema "huu si wenyewe." Upe wiki mbili. Imba kwa sauti ya kuongea na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, huku umekaa. Mstari ukiwa mrefu ukate katikati, vuta hewa mahali ambapo maana inaruhusu, usione haya. Usinong'one kwa kudhani unapumzisha sauti, maana kunong'ona mara nyingi hukaza koo kuliko kuongea. Kunywa maji mchana kutwa, si glasi moja kabla ya ibada.

Na uchague nyimbo zenye hadithi. Hizi za kurudia neno moja huku zikipanda noti kwa noti waachie mabinti, wana haki nazo. Wewe una miaka 27 ya maneno kichwani. Mwombe mwalimu wako akupe beti za kusimulia, kwaya ikivuma chini yako kwa sauti ya pili na ya nne. Mwenye sikio atakubali akishasikia mara moja. Asipokubali, imba nyumbani.

Nimelifanya hili kwa mikono yangu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa miaka 74, mwanakwaya tangu ujana, alitaka kuwaachia wajukuu nyimbo sita. Tulianza kwenye studio moja mjini. Kijana wa mitambo, bila ubaya, alimwambia kwenye spika, "Mama, panda kidogo." Nikaona kupitia kioo mabega yake yanapanda yenyewe, na sauti ikakatika. Tulilipa, tukaondoka. Kesho yake nilikwenda kwake na kinasa sauti kidogo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mapazia na godoro vikameza mwangwi, nikaweka kinasa juu ya mto, kiasi cha shubiri mbili kutoka mdomoni. Nikamwambia asiniimbie mimi, amwimbie mjukuu aliyelala. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa woga. Wa pili aliusahau katikati akacheka. Wa tatu aliuimba kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa amefumba macho, chini kabisa, kavu, na binti yake aliyekuwa mlangoni na sufuria mkononi hakusogea mpaka ulipokwisha.

Nyimbo zote sita tulizipata siku ile. Kwa hiyo ukiwa tayari, mwombe mtu wa nyumbani akuachie simu yake ujifunze kurekodi, usiku mmoja au asubuhi na mapema kabla magari hayajaanza. Zima feni na uchomoe friji, kwa sababu mvumo wao hautaondoka ukishaingia. Ndege waache.